Mstari Chini ya Sauti ya Shemeji

Jumatatu, 9 Juni

Imeamuliwa. Jumapili Baba anatimiza mwaka tangu atutoke, na familia itapiga wimbo wa kumkumbuka ukumbini. Wimbo nimetunga mimi. Kurekodi, mimi. Kuchanganya sauti, mimi, humu stoo, kati ya magodoro na feni mbovu. Na kuongoza? Shemeji!

Shangazi alitangaza mbele ya wote kwamba mume wa Dada ndiye atakayeimba ubeti wa kwanza, peke yake. Nikauliza kwa adabu sababu yake. Dada akajibu kwamba sauti ya mumewe inafanana na ya Baba. Mama akaitikia kwa kichwa. Shemeji, fundi makufuli! Mimi ndiye niliyetoka kwa Baba. Pua ni yake, miguu ni yake, sauti tu ndiyo aliyoninyima. Iliniuma kweli.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi kwetu nimeambiwa niitikie.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji amekuja kurekodi. Alivua viatu mlangoni mwa stoo, eti heshima. Akaimba mara moja tu. Hakukosea! Nikamwomba arudie, nikitumaini. Akarudia vilevile. Akanishukuru, kisha akatengeneza kitasa cha stoo bila kuombwa. Ana dharau sana yule mtu.

Alipoondoka nikarekodi kiitikio changu. Na ubeti wa kwanza pia, eti namsindikiza. Nilikohoa mwanzoni, nikasafisha koo, nikajisemea mawili matatu huku kipaza sauti kiko wazi. Maneno yale ya mwanzo si kitu, nitayaficha.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa! Kwenye programu ya kuchanganyia muziki kila sauti ina njia yake, na chini ya kila njia unaweza kuchora mstari wa otomesheni. Mstari ukipanda, sauti inapanda yenyewe. Ukishuka, inashuka. Hakuna mkono unaoonekana.

Kwa hiyo njia ya Shemeji nimeiacha juu kwa maneno ya mwanzo, asije akalalamika. Kisha mstari unateremka taratibu, kwa heshima zote, hadi karibu na sakafu. Njia yangu ni kinyume chake. Iko chini kabisa pale ninapokohoa, halafu juu! Ubeti anauanza Shemeji, naumaliza mimi. Watu watadhani amechoka. Nimeusikiliza mara nyingi nikatokwa machozi kwa uzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Mama amekuja stoo. Hajaingia humu tangu msiba. Alikaa juu ya magodoro, akatoa simu yake, akasema ana kitu ambacho hajawahi kumpa mtu. Ni ujumbe wa sauti wa Baba. Anamwambia Mama asimsubiri kula, bado yuko kwa fundi viatu, fundi amemrudishia kiatu kimoja chake na kimoja cha mtu mwingine. Halafu anacheka.

Baba hakuwa mtu wa kucheka. Sisi watoto tulimjua kwa mlio wa funguo zake tu. Mama alisema kicheko hicho hukisikiliza kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, na sasa anataka wajukuu nao wakisikie. Kiwe mwanzo wa wimbo. Akaniachia simu, akasema ananiamini. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Nilizisukuma sauti zote mbele ili nipate nafasi mwanzoni. Baba nikamweka kwenye njia ya Shemeji, maana hiyo nilikuwa nimeshaiondolea mvumo wa friji la jirani. Si wanasema sauti zao zinafanana? Sikusikiliza tena. Nataka Mama awe wa kwanza kusikia. Mistari nimeikagua kwa macho: iko palepale nilipoichora, haijatikisika hata kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Nimejifungia stoo.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa mbele, wajukuu miguuni pake. Nikabonyeza. Baba akaongea. Asisubiriwe kula. Fundi viatu. Kiatu kimoja chake. Mama akashika mkono wa Dada, akainama mbele, akingoja. Na Baba akaanza kuteremka! Taratibu. Kwa heshima zote. Hadi sakafuni. Kicheko hakikutoka.

Badala yake nikatoka mimi, juu kabisa, kwenye spika zote. Nikakohoa. Nikasafisha koo. Nikasema, wazi kabisa, kwamba Shemeji ajiimbie tu, ubeti huu namnyang'anya.

Sauti zilihama, mistari ikabaki. Mstari niliomchorea Shemeji umemwangukia Baba.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Dada alinifuata, akasema bila kupandisha sauti kwamba tumempoteza Baba mara mbili, na mara hii ni mimi niliyempoteza. Shemeji akasimama, akaimba ubeti wake bila kipaza sauti wala ala, na watu wakamfuata. Mama hakuimba. Alikuwa akiitazama spika, bado anangoja.

Jumatatu, 16 Juni

Sijala. Shemeji alipita kunijulia hali. Alisema yamepita, kila mtu hukosea, na kwamba wimbo nimeutunga vizuri. Anajua kuchoma yule.

Jumanne, 17 Juni

Mama amekuja na simu yake. Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, nimsikilizishe mumewe. Nikafungulia ujumbe wa simu kama ulivyo, bila programu. Baba akaongea, akacheka. Mama akafumba macho. Akaomba tena. Tukasikiliza bega kwa bega juu ya magodoro, na mimi bila kujua nikacheka naye Baba, kwa ajili ya kile kiatu. Mama akageuka akanitazama. Akasema ndivyo nilivyo tangu mdogo, nacheka kama Baba, na kwamba tangu afiwe hunichokoza makusudi ili nicheke. Mtu mwingine mwenye kicheko hicho hakuna.

Mwaka mzima nimemwonea wivu fundi makufuli!

Akasema ujumbe uachwe ulivyo, nisiuguse. Nikaapa. Akaniachia simu niitie chaji, akaenda kulala kidogo. Nafsi yangu imetulia. Nimekuwa mtu mwingine.

Baadaye, siku hiyohiyo

Nimefikiri. Haki ya Mungu, kicheko kile kiko chini mno. Ni wajibu wa mtoto kukiinua kicheko cha baba yake. Nimechora mstari mmoja tu, mfupi. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia, nimerekodi cha kwangu nikakiweka nyuma yake, kwa mbali, baba na mwana wafuatane. Shemeji asikie! Mama hatagundua, atahisi tu joto.

Nimeirudisha sauti hiyo kwenye simu yake. Ile ya zamani nimeifuta, kwenye simu na humu kwenye kompyuta. Ya nini mbili? Zingemchanganya.