Ubongo Mmoja, Makala Nyingi

Chuo chetu kina furaha kuutangazia umma kwamba mimi ndiye mtafiti mwenye machapisho mengi kuliko wote katika sayansi ya ubongo na magonjwa ya akili. Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe. Mkuu wa Chuo akaliidhinisha, likabandikwa langoni, chini kidogo ya ilani ya kukataza kukojoa ukutani.

Utaalamu wangu ni sonona na kumbukumbu. Utafiti wenyewe ulikuwa mmoja, lakini mkate haumezwi mzima. Nikaanza na makala kuhusu sonona na kusahau, ikafuata ya kusahau na sonona, halafu mapitio ya kina ya hizo mbili, ambamo nilijisifu kwa staha. Mke wangu, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, aliwahi kuniuliza ni mgonjwa gani aliyepata nafuu kwa makala hizo. Nilimfahamisha kuwa swali hilo liko nje ya mawanda ya utafiti.

Mkuu wa Chuo aliona mbali. Alinieleza kuwa kila makala yangu huzaliwa chini ya uongozi wake wa kimkakati, hivyo jina lake liwemo. Na kwa kuwa itifaki haimruhusu mkubwa kutembea nyuma ya mdogo, liwe la kwanza. Mkono mtupu haulambwi: nami nikaahidiwa uprofesa kamili. Sherehe ikapangwa, suti ikashonwa, shangazi zangu wakakata tiketi.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka jarida moja la nje. Msomaji wao, na sikujua kama wanao, alikuwa amegundua kwamba picha ya ubongo wenye sonona katika makala yetu moja, na picha ya ubongo wenye afya katika nyingine, ni ubongo uleule. Umegeuzwa tu. Jambo hilo lina maelezo. Mashine yetu ya kupiga picha za ubongo iliharibika siku ileile ya majaribio, ikiwa imeshampiga picha mtu mmoja, naye ni mimi. Nilibana matumizi.

Jarida likataka maelezo ya mwandishi wa kwanza.

Kamati ya Maadili ikaketi. Mkuu wa Chuo akajitetea kwamba hazikumbuki makala hizo, hata moja. Wajumbe wakaguna kwa heshima. Mwanasheria wa chuo akafungua kanuni: kiongozi aliyepotewa na kumbukumbu hashtakiwi, ila na kiti hakikalii tena. Kwa hiyo lazima apimwe na bingwa wa kumbukumbu. Wakatazama huku na huku, wakaniona nimo humohumo, kwenye viti vya watuhumiwa. Nikateuliwa kwa kauli moja.

Nilimpima katika chumba kidogo cha wodi, chenye kitanda cha mpira na feni inayolalamika. Nikamtajia maneno ayarudie. Akayarudia mbele, akayarudia nyuma, kisha bila kuombwa akanitajia wote waliompinga kwenye kikao cha bajeti na viti walivyokalia. Kichwa kilikuwa kizima kama jiwe.

Akasogeza kiti.

"Mwanangu, niandikie ugonjwa kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mzee?"

"Wa kusahau makala. Kusaini hundi niwe nakumbuka."

Nikapekua kichwani machapisho yangu yote. Ugonjwa wa aina hiyo haumo. Akanikumbusha kwamba uprofesa wangu bado uko mezani kwake. Nami nikawaza haraka: yeye akiwa mgonjwa, mwandishi wa pili, yaani mimi, anapanda kuwa wa kwanza. Miaka yote niliutamani ukwanza huo. Siku ile ukanitoa jasho la kwapa.

Basi nikaandika kwamba kumbukumbu za mzee ni nzima kabisa. Hapo ningeweka nukta. Sijui kilichonipata. Pengine ni ugeni wa kuandika kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kalamu ikaendelea: kwamba mwandishi wa pili naye anakumbuka, kwamba ubongo ule ni wake, na kwamba wagonjwa waliotajwa kwenye makala hawakupigwa picha kamwe. Ukurasa ukajaa. Nikausaini, nikaupeleka kwa kamati.

Ripoti ilisomwa kwa sauti mbele ya kamati, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa kwenye simu ya kila mhadhiri na kila mwanafunzi. Mkuu wa Chuo akavuliwa madaraka, akaondoka akikumbuka jina la kila aliyenyoosha mkono. Mimi nikafukuzwa kazi. Shangazi zangu walikuwa wameshafika, ikabidi wale.

Walipolala, nilimweleza mke wangu kwamba jambo hili linanishinda. Makala zote zile zilinipandisha cheo, na ukurasa mmoja tu umenitoa kazini.

Alikuwa akikunja sare yake ya kesho. Hakunicheka, ingawa nilimwona akijizuia.

"Huo wameusoma, baba watoto," alisema. "Na wameuelewa."