Mbwa Mwitu Ndani ya Piano

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua wizi! Uko kwenye kitabu cha zamani cha kutyuni piano, yaani kulinganisha sauti zake. Panya wamekula jalada, ukweli wameuacha. Kumbe mafundi wa kale waliacha sauti zikubaliane kabisa, tamu ajabu, isipokuwa kona moja ya vibao iliyolia vibaya. Wenyewe wakaiita mbwa mwitu. Halafu wakaja waoga! Kasoro ile wakaigawa sawasawa kwa sauti zote kumi na mbili, utamu wakauiba. Yaani miaka yote nimekuwa nikiharibu piano za watu kwa ustadi.

Jumanne, 4 Machi
Jumamosi kwaya inaimba. Siku hiyohiyo mwalimu wa kwaya atachagua fundi wa kudumu wa piano ya ukumbi: mimi au shemeji, mdogo wa mke wangu, anayetyuni kwa kutazama simu. Simu! Nimemwuliza mwalimu wimbo uko ufunguo gani, yaani unaanzia sauti ipi. C, kama siku zote. Basi C itakuwa safi kama zamani. Mbwa mwitu nitamfungia kwenye vibao vyeusi. C ni vibao vyeupe vitupu; nani atavigusa vyeusi?

Alhamisi, 6 Machi
Tayari! Nilipopiga C, mfagiaji aliacha kufagia. Shemeji akapita, akabonyeza vibao vyeusi viwili, akatabasamu, akaenda zake. Wivu tu. Mke wangu kauliza kama mwalimu ana habari kuwa nimebadilisha utyuni. Nikamjibu kizuri chajiuza.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa nini alitabasamu? Nimekwenda ukumbini mara tatu. Kumefungwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe ndiye mwimbaji kiongozi. Kaamka na mafua! Mwalimu, kama kawaida ya walimu wa kwaya, akamshushia wimbo nusu sauti dakika ya mwisho. Kutoka C moja kwa moja hadi vibao vyeusi! Mbwa mwitu katoka na ukoo wake wote. Mama mkwe aliifukuza sauti juu, akaifukuza chini, kisha akageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Kazi kapewa shemeji. Hata hakutamba, na hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kasema kasoro ikigawanywa kidogokidogo kila mtu huivumilia, na ndiyo maana ndoa yetu ingali hai. Maneno mazito. Nimeyatafakari hadi chai ikapoa, na kosa langu nimeliona.
Piano moja haitoshi! Zinatakiwa kumi na mbili, kila ufunguo na piano yake safi. Mafua yaje tu. Mlango wa ukumbi nimeshaupima. Kesho namwomba shemeji aje tubebe piano.