Maiti wa Dakika ya Kwanza

Jumatatu, 2 Juni
Nimetoka Musoma kuona filamu ya Clementi, mwongozaji mwenzangu. Inaanza na mzee anakunywa chai. Dakika tatu, chai tu! Watu wakatulia mpaka mwisho. Washamba. Yangu itaanza na maiti kufufuka hapa Kabasa, mbele ya maduka. Hapo hatoki mtu.

Jumanne, 3 Juni
Abednego seremala kaniazima jeneza. Kasema nisilikwaruze, lina mwenyewe. Maiti nitaigiza mimi. Nani mwingine ana sura ya kubeba filamu? Mdogo wangu Wankyo atashika kamera.

Jumatano, 4 Juni
Nimebebwa na wanaume wanne. Nikapiga chafya. Tutarudia kesho. Wankyo ameuliza kama majirani wanajua ni maigizo. Nikamwambia mshangao wao ni wa bure, tuutumie.

Alhamisi, 5 Juni
Kumbe kuna aliyepiga simu Kibara, kwa shangazi Bhoke aliyenilea, kwamba Machibya hatunaye.
Nikiwa ndani ya jeneza nikasikia watu wanampisha mtu. Halafu mkono juu ya mbao, halafu sauti yake, taratibu:
“Machibya, ulikuwaga mwongo tangu mdogo. Basi na leo nidanganye.”
Nikasukuma kifuniko. Nikafufuka.
Shangazi akakaa chini, hana nguvu. Baadaye alizipata zote. Kanichapa kwa kiatu hadi stendi, akapanda gari bila kuniaga.

Ijumaa, 6 Juni
Wankyo amerekodi kila kitu. Anasema tuanze na shangazi anavyokuja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mtazamaji ajiulize nani amekufa. Alisema huku anafuta machozi. Nimemkatalia. Sehemu yote hiyo sura yangu haionekani. Nimemfuta shangazi, nikajiweka nafufuka mara sita, na radi.

Jumamosi, 7 Juni
Onyesho, kibanda cha video, Bunda. Ufufuko wa pili, watu wakaanza kutoka. Wa nne, nikabaki na mwenye kibanda, naye kalala. Nikatoka kuwatukana. Wote walikuwa nje wamemzunguka Wankyo, wanamtazama shangazi kwenye simu yake; kumbe Wankyo alibaki na nakala. Hakuna aliyegeuka. Clementi naye yumo, kavua kofia.

Jumapili, 8 Juni
Nimetafakari kanisani, kosa nimeliona. Mara sita zilikuwa chache. Nitafufuka mara kumi na mbili.
Kesho naenda Butiama. Kule kuna mama mdogo ananipenda sana, na bado hajaambiwa kwamba niko hai.