Siku Nane za Ulaya Nikiwa Gatumba

Jumatatu, 6 Oktoba

Viza imekataliwa. Barua ya mistari mitatu! Yule mwanamke wa dirishani ubalozini hata uso hakuinua.

Na safari ni kesho. Jana wenzangu wa kazini walinifanyia sherehe ya kuniaga, hotuba nne. Mzee Cirimwami, mwenye baa, alisimama mwenyewe akasema nikaone jinsi wazungu wa Brussels, Paris na Vienna wanavyokula nje na kustarehe. Anafungua mgahawa wa kizungu kando ya ziwa. Unahitaji gérant, msimamizi wa kila kitu. Nikirudi tutaongea.

Miaka kumi na moja nabeba mishikaki na chupa katika baa yake ya Gihosha, hapa Bujumbura. Sasa kazi ni yangu au ya Claude. Claude! Anayebeba sahani nne kwa mkono mmoja huku anatabasamu kama anapigwa picha ya pasipoti. Nilijitolea kwenda Ulaya kwa akiba yangu ili nimpite. Leo nikaseme sikwenda? Thubutu.

Nimepata njia. Njia nzuri sana.

Jumanne, 7 Oktoba

Walinisindikiza uwanja wa ndege, suti, sanduku, machozi. Claude alibeba sanduku. Nikaingia ndani, nikajifungia chooni mpaka nikaona kwenye simu wanatuma picha za njiani wakirudi. Kisha pikipiki moja kwa moja hadi Gatumba, kwa dada yangu Médiatrice, anayevusha nyanya mpakani kila siku kupeleka Uvira, upande wa Kongo.

Dada aliniangalia kuanzia kiatu hadi tai. Akauliza, "We Pontien, uko mutu muzima ao uko mutoto?" Nikavua tai. Amekubali kunificha kwa sharti moja: nichambue nyanya. Mbovu huku, nzima huku. Gérant mtarajiwa! Suti nimeitundika juu ya makreti.

Jumatano, 8 Oktoba

Ripoti ya kwanza, Brussels. Kazi ya asubuhi nzima, na ni nzuri, najisifu mwenyewe. Nimewaandikia kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba niliingia mgahawa wa heshima. Mhudumu akauliza bia naitaka baridi au ya kawaida. Akaifungua mbele ya macho yangu, nisije nikadhani kaweka kitu. Binti akapita na jagi na beseni tunawe. Kisha kome na viazi vya kukaanga, na niliingoja sahani saa moja na nusu tu. Wepesi wa wazungu!

Kome nimeziona mtandaoni. Hayo mengine yamekuja yenyewe, kalamu ilikuwa inateleza. Huku mezani kwetu ni bugali na mboga za lengalenga.

Mzee kajibu kwa sauti ya dakika tatu, kafurahi mno. Claude kauliza swali moja: hata Brussels wanauliza baridi au ya kawaida? Mzee akamwambia aache wivu. Raha niliyoipata! Nilichambua kreti mbili bila kulalamika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Paris. Makumbusho asubuhi: picha nyingi, watu wamekaa kimya mbele yake kama msibani. Chakula cha mchana kando ya mto. Nimeeleza kwamba nilikaa peke yangu, wakapita watu wawili wanaonifahamu, wakavuta viti, wakaita wengine, mwisho tukaunganisha meza tatu. Na chupa tupu haziondolewi mezani mpaka mgeni aondoke, wapita njia wote waone amekunywa kiasi gani. Ustaarabu!

Dada alisoma akiwa nyuma yangu. Akasema, "Hii Paris yako mi naijua. Iko Gihosha, nyuma ya kituo cha mafuta." Nikamwambia ajishughulishe na nyanya. Mtu ambaye hajawahi kuvuka zaidi ya Uvira atanifundisha mimi Paris?

Mzee kaandika: "Kumbe!" Neno hilo tu. Nalitafsiri kuwa ni mshangao wa heshima.

Jumapili, 12 Oktoba

Janga. Leo ni Vienna, opera, na mvua imenyesha tangu alfajiri. Maji yamefika kizingitini. Sanduku langu la safari lipo juu ya meza pamoja na kuku wawili wa dada.

Mzee hakutaka maandishi. Alitaka asikie sauti yangu nikiwa palepale operani. Nikasimama juu ya kiti, nikabonyeza, nikaanza kusifia mapazia mekundu na mataa. Vyura wakaanza. Si mmoja, wote wa Gatumba! Nikatuma kabla sijafikiri.

Mzee akauliza ile ni nini. Nikajibu ni kwaya. Akauliza mbona wote ni besi. Nikasema Vienna ndivyo wanavyopenda. Akasema hata kwaya ya parokia yake ina shida hiyohiyo.

Nimepona! Dada amecheka mpaka kaegemea ukuta. Sijui anacheka nini.

Jumanne, 14 Oktoba

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Nilirudi uwanja wa ndege kwa pikipiki, koti safi, suruali matope hadi gotini. Walikuwa wameshafika wote, na maua. Wanatazama mlango wa abiria, mimi natokea barabarani nyuma yao. Nikasema ndege ilitushusha mbali. Mzee akakubali, maana alikuwa na haraka ya kutoa hotuba.

Alisema amezisikiliza na kuzisoma ripoti zangu mara mbili. Kifua changu kikajaa. Akasema, "Mi nilikuwa naogopa bure. Bia baridi ao ya kawaida, beseni ya mikono, kungoja saa moja na nusu, chupa mezani. Ulaya iko sawasawa na baa yangu! Hata kwaya. Sasa mutu wa Ulaya wa nini? Mutu mwenye kujua kazi ya hapa, anajua ya Brussels. Na hii siku munane Pontien anatembea, Claude alikuwa kazini."

Claude ndiye gérant. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningesema nini? Kwamba Ulaya si hivyo? Nimeijulia wapi?

Niliumia. Naliandika wazi kwa kuwa hakuna atakayelisoma: niliumia hadi masikio yakaziba. Miaka kumi na moja.

Claude akanikumbatia, akaninong'oneza nisimame nyuma ya gari Mzee asione suruali, kwa sababu matope ya namna ile yako Gatumba tu. Kumbe anajua. Na hakumwambia mtu. Hilo ndilo limenikera kuliko yote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimetulia. Nimefikiri kwa makini na kosa nimeliona: niliitumia Ulaya, bara ambalo kila mtu ana shemeji yake huko. Siku nyingine niende mbali zaidi.

Na siku yenyewe ni leo! Mchana nilimhudumia Madame Chanelle, anayejenga hoteli kule juu. Analalamika hapati msimamizi anayejua wachina wanavyokula na maonyesho yao ya jukwaani. Nikaweka sahani chini taratibu, nikamwambia bahati iliyoje, Jumatano napanda ndege kwenda Shanghai kusomea mambo hayohayo. Akashika mkono wangu kwa mikono miwili! Anataka nimtumie ripoti kila siku.

Rafiki yangu Prodige ana chumba kitupu mtaa wa Gasenyi. Nimeshamuomba. Hakuna mafuriko, hakuna vyura.

Safari hii sioni pa kukwama. Madame mwenyewe ameishi Shanghai miaka sita, kwa hiyo Claude au mtu mwingine yeyote akinitilia shaka, yeye ndiye atakuwa shahidi wangu.