Service ya Biuno ya Batoto

“Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Bel-Air, wakubwa kwa wadogo: tangu siku ya kwanza ya juma hili, hakuna kiuno cha mtoto kitakachozunguka katika mtaa huu bila kujulikana na wakubwa.”

Ni vile Directeur Hénoc Chisanga alisoma, mu Swahili ya kanisa, mégaphone pa kinywa, mu lupango, ile kiwanja ya masomo, batoto bakisha kupandisha bendera. Alikuwa mukubwa wa Service ya Biuno ya Batoto, yenye ilizaliwa ile siku, na miye nilizaliwa nayo: Lombe Donat, fundi wa nguo, mwenye kusoma mpaka darasa ya ine ya primaire, nikaitwa Mupimaji Mukubwa. Muntu asicheke. Mu inchi yetu kuko bakubwa benye hawajue hata kutia uzi mu sindano.

Jambo lenyewe lilikuwa ya akili, ninalisema bila kinyongo. Mama Mapalo, infirmière, muuguzi wa Service, alitufasiria: chukua urefu ya mutoto, uikate mara mbili. Kama kiuno inapita ile nusu, mafuta iko nafichama mu tumbo, na kesho mutima, sukari na tension ya damu bitamusumbua, hata kama leo anaruka kamba. Mutoto wa namna ile afungwe mashine ya tension pa mukono, apimwe na damu. Ni ile tu. Directeur aliisikia, akaiandikia karatasi kumi na ine.

Mètre ya kupimia yenye balituma ku Service ilikuwa ya parcelle, ya biwanja, ya chuma, mètre makumi tatu. Ukiizungusha kwa mutoto inamukata kama nyanya. Njo maana balikuya kugonga kwangu, mwenye mètre laini ya nguo.

Nilikubali juu ya Lydie. Ni mutoto yangu, miaka kumi, mufupi, tumbo ya mviringo. Akipanda ngazi tatu za kanisa anasimama kama muntu mwenye kungojea bus. Mama yake, Germaine, alianza vile vile. Siku nilimupeleka ku dispensaire, mashine ya tension ilikuwa mu kabati, ufunguo ilikuwa mu mufuko ya mukubwa mumoja, na ule mukubwa alikuwa mu séminaire juu ya tension. Tulimuzika Germaine siku ya tano. Séminaire iliisha muzuri, banasema kulikuwa kuku. Njo maana miye nilitaka mashine ifike pa mukono ya Lydie, basi. Mambo mengine ya inchi nabaachia benye inchi.

Juma ya kwanza nilipima batoto mia mbili na kumi na mbili. Bote balipita nusu. Bote, hata Chama, mutoto mwenye mikono kama bijiti ya kuchokolea meno. Directeur alifurahi kupita bwana arusi. Alisema ni “tishio la kitaifa lenye makao makuu Bel-Air”, na tishio ya namna ile haiwezi kukaa mu chumba moja. Akakamata bureau ya pili, na kiti ya kuzunguka.

Kiisha masharti ikatoka. Mama Chileshe, mwenye kuuzisha bitumbula ya mafuta pa mulango ya masomo, balimusogeza mètre mia. Saa ya récréation, saa ya mapumziko, hakuna mutoto kukaa. Bazazi ba Chama, benye kupika bukari, ile ugali yetu, mara moja kwa siku, balipata barua yenye cachet, muhuri ya Service: mupunguze chakula. Baba yake alinisimamisha mu njia, akaniuliza pole pole, ukipunguza mu ile moja, inabakia ngapi. Nilimwambia aandikie Service. Njo jibu yenye balitufundisha.

Mama Mapalo njo alishika kosa. Alisimama pembeni, akaangalia mikono yangu.

“Papa Donat, ile ngumi yako iko natafuta nini ndani ya mètre?”

Nikaangalia. Kweli, ngumi yangu ya kushoto ilikuwa mule, kati ya mètre na tumbo ya mutoto, imetulia kama iko kwao. Miaka makumi mbili na tano niko nashona bleu-blanc, iniforme ya batoto. Muzazi wa kwetu haulize kama iniforme inamufaa mutoto leo. Anauliza kama itamufaa mwaka kesho, na mwaka yenye kufuata, na kiisha mudogo wake. Njo maana fundi anatia ngumi, anazungusha, halafu anasoma. Mukono yangu haikuomba ruhusa kwa munganga. Ilifanya kazi yake.

Nilienda kuungama kwa Directeur. Aliniacha nimalize, akazunguka na kiti yake mara moja mpaka akarudia pa nafasi yake.

“Papa Donat, hesabu yenye imekwisha kupanda juu, haishuke na ngazi.”

“Lakini ni ya uongo, Directeur.”

“Haiko ya uongo. Iko ya mwanzo.”

Akanifasiria na upole, kama muntu anafundisha mutoto kufunga biatu. Miezi tatu ikiisha tutapima tena, bila ngumi. Biuno ya Bel-Air yote itashuka siku moja. Ile itaitwa matokeo. Bakubwa ba province batakuya, batapiga mikono. Service ikifika sifuri, hakuna mutoto mwenye kupita nusu, itafungwa na heshima, mashine ya tension, yenye ilikuwa ya kuazima, itarudi kwa benyewe, na yeye atapanda cheo. Mara ya kwanza mu maisha yangu bakubwa baliniomba niseme kweli, na ilikuwa juu ya kufunika uongo.

Nikauliza foleni ya mashine. Batoto ba benye kujulikana balitangulia. Mama Mapalo, peke yake na mashine moja, alikuwa amefika mutoto wa makumi tisa. Lydie alikuwa numéro mia mbili na saba. Nilimuomba Mama Mapalo amupitishe kidogo kwa mulango ya nyuma. Akasema angefanya hata leo, lakini bila signature ya Directeur mashine haitoke mu kabati. Niliposikia ile neno kabati, nilikaa chini.

Miezi tatu ikapita, foleni haikufika kwa Lydie. Nikapima tena, ngumi mu mufuko. Batoto mia mbili na kumi na moja balipona siku moja, bila dawa, Chama mbele yabo. Lydie peke yake hakupona. Urefu, sentimètre mia moja makumi tatu. Nusu, makumi sita na tano. Kiuno, makumi saba na moja. Nilipima mara tatu.

“Vuta mètre, Papa Donat,” Directeur akasema. “Mutoto mumoja hawezi kuharibisha sifuri.”

Sikuvuta. Akakamata bic, akaandika mu registre yeye mwenyewe: makumi sita na ine. Alikuwa na mwandiko muzuri sana.

Siku ya kufunga kulikuwa hema, biti ya plastiki, na kwaya. Mugeni alikuwa Docteur Kangwa, mwanamuke wa maneno kidogo, mwenye province ilimutuma. Directeur alisema dakika makumi ine. Alishukuru biuno kwa kushirikiana. Alipokaa, Docteur Kangwa akasema ni muzuri, lakini yeye anapenda kuona na macho vile tunapima. Akanyoosha kidole kwa Lydie, mwenye balitia mu mustari ya mbele juu ya ufupi yake.

Directeur akaruka mu kiti.

“Hapana, Docteur, batoto bamechoka na furaha. Mukubwa njo anaonyesha njia. Bapime miye.”

Akafungua koti, na akaninong'oneza: “Vuta.”

Urefu: mia moja makumi sita na nane. Nusu: makumi munane na ine. Nikazungusha mètre. Sikuvuta. Ngumi pia sikutia, haikuwa na lazima. Mètre yangu inaishia pa mia moja makumi tano, na ile siku niliiogopea.

“Mia moja makumi mbili na tatu,” nikasoma, na ile sauti yenye fundi anasomea mwenye kuandika.

Mama Chileshe, kutoka kule mètre mia yake, akasema bantu bote basikie, ile haikutoka ku bitumbula yake.

Docteur Kangwa hakucheka. Aliomba registre, akaandika: Chisanga Hénoc, numéro mia mbili na kumi na tatu. Kiisha akaomba ile karatasi kumi na ine, akasoma article ya saba na sauti: Service haifungwi, na mashine hairudi kwa benyewe, kama mu registre kungali muntu mumoja mwenye kupita nusu. Akauliza signature ni ya nani. Ilikuwa ya Directeur, kubwa, na mistari mbili chini.

“Basi tunaendelea. Directeur, ingia mu foleni.”

“Foleni ya batoto?”

“Kuko ingine?”

Hakukuwa ingine. Nikasema: “Docteur, kuko na mutoto yangu. Balimuandika makumi sita na ine. Iko makumi saba na moja.” Docteur alimupima yeye mwenyewe. Kiisha akanyoosha mukono mbele ya Directeur, mpaka ufunguo ya kabati ikatoka mu mufuko ya koti, na akamupatia Mama Mapalo.

Foleni ikawa ya bantu babili. Balikaa pa banc ya darasa ya kwanza, Lydie mbele, Directeur nyuma, magoti yake karibu ya masikio. Mashine ikavimba pa mukono ya Lydie, ikapumua. Mama Mapalo alisoma, akasoma tena.

“Imepanda, Papa Donat, lakini haiko ya kuliliya. Aniletee ile mukono kila juma. Tumemushika mapema.”

Nilitoka inje kidogo, nikaangalia ukuta. Ilikuwa ukuta ya kawaida.

Niliporudi, Directeur alikuwa amekwisha kufungwa mashine, na alikuwa anafasiria kwamba yeye, kwa cheo yake, na kwa kuangalia hali ya mambo kwa jumla... Lydie, mwenye alikuwa anashusha mukono ya nguo, akamuangalia.

“Papa Directeur, mashine inataka muntu anyamaze dakika tano. Ukisema, banaanza tena.”

Balianza tena mara ine.