Magari Yaondoke Kwenye Viwanja vya Mpunga

Mtaa wa Mashineni,
Ifakara.

Ndugu Afisa Maegesho,

Shikamoo uliyonipa Jumapili nje ya kanisa niliipokea, mwanangu Lukelo, lakini leo sikuandikii kama mama yako mdogo. Nakuandikia kama mwananchi, na nimekasirika.

Kwanza hongera. Mwezi uliopita ulipochora ile mistari myeupe pembeni mwa lami, mbele ya mashine ya kukoboa, sisi akina mama wa Katindiuka tulipiga vigelegele. Hatimaye tumegawiwa viwanja vya kuanikia mpunga! Turubai langu linaingia ndani ya mistari bila kubakiza hata shubiri. Vipimo vile haviwezi kuwa vya bahati. Sasa malalamiko:

1. Watu wanaegesha magari ndani ya viwanja hivi. Tena mchana, jua likiwa kali, saa ambazo gari halina lolote la kukausha.

2. Gari lina magurudumu manne. Linaweza kwenda kushinda kijijini Kisawasawa na kurudi jioni. Mpunga wangu hauna hata gurudumu moja.

3. Jumanne dereva wako Sylvester alipitisha Land Cruiser ya ofisi juu ya mpunga wa jirani yangu Agnella. Mpunga uliokanyagwa hivyo ukifika mashineni unatoka chenga tupu. Akatuambia kwamba mistari ni ya magari. Nikahesabu: magari matatu, mawili ya ofisi yako; maturubai thelathini na moja. Kama mnapanga mji kwa ajili ya watu, hesabu ndiyo hiyo.

4. Mafuriko yamenibakizia magunia manne tu. Ndicho chakula cha wajukuu wangu watano. Nikianua mpunga ungali mbichi utashika ukungu, na hapo sitanii, Lukelo.

5. Kwa hiyo naomba kila gari linaloingia mjini lisimamishwe darajani, dereva aulizwe amebeba mpunga kiasi gani. Asiye na mpunga atembee kwa miguu. Anayeng'ang'ania kuegesha alete barua ya mtaalamu kuthibitisha kwamba gari lake lina unyevu. Na hiyo Land Cruiser, ambayo hata sasa imeegeshwa hapa, iondolewe leo hii, ikaegeshwe sebuleni kwako.

Msalimie mkeo Rosemery, wanajumuiya wote, na yeyote hapo ofisini aliyewahi kushika jembe.

Kwa hasira na heshima,
Apolonia,
kiwanja cha pili kutoka mashineni.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mvua imeshuka ghafla. Mpunga wa wenzangu umelowa. Wangu tumeukunja kwenye turubai tukausukuma chini ya Land Cruiser, mimi, Agnella na Sylvester mwenyewe, na hata tone halijaugusa. Naomba ufute yote niliyoandika hapo juu. Gari hilo lisiguswe mpaka jua litoke. Ukiwa na kikao, panda bodaboda; ufunguo ninao mimi.