Kiwanja cha Pazia Refu

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema, lisitusumbue njiani, maana hata mwenyewe halifichi tena. Ukimuuliza leo atakuna kisogo, atatazama viatu vyake, kisha atakujibu, "Nilikuwa mjinga, ndiyo, lakini mjinga mwenye akili." Hiyo akili ndiyo iliyomponza.

Walimwita Injinia. Hakuna alichowahi kujenga. Aliwahi kununua kofia ngumu ya njano mnadani, akaivaa mwezi mzima, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anajenga nini, cheo kikaganda. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, shati jeupe moja lisilojua mkunjo, na kochi la kulalia. Kochi lenyewe si lake. Lilikuwa la dada yake, mshonaji wa mapazia, aliyempokea kwa wiki moja, miaka minne iliyopita.

Asubuhi moja dada alisimama mbele ya kochi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Amka tuongee. Binti yangu kapata mchumba. Miezi minne ijayo wakwe wanakuja kujitambulisha."

"Kheri hiyo, dada."

"Kheri, lakini sitaki waingie sebuleni wakute miguu ya mjomba inachungulia mwisho wa kochi. Tafuta kwako."

"Dada, mimi nina mipango."

"Mipango haina paa, mdogo wangu."

Basi Injinia akatoka kutafuta paa, na kama ilivyo kawaida ya wajanja, akaanza kulitafuta vichwani mwa watu.

Hakufika mbali. Kwenye kibanda cha fundi simu alimkuta mwanamke mmoja mfupi, pampu ya dawa mgongoni, glavu mfukoni. Huyo alikuwa Mama Kunguni, jina alilolichukia, maana yeye kunguni huwaua, hawazai. Alikuwa akimlalamikia fundi.

"Zamani mtu akiumwa usiku, asubuhi anamuuliza jirani, jirani anamleta kwangu. Siku hizi anaiuliza simu. Sasa hiyo simu inamtaja nani? Mbona hainitaji mimi?"

Sikio la Injinia likasimama kama la paka aliyesikia kopo likifunguliwa.

"Shikamoo, mama. Simu haikutaji kwa sababu haijui unakaa wapi."

"Nakaa nyuma ya soko."

"Hapo ndipo ulipokosea. Unakaa mahali pamoja."

Mama Kunguni alimtazama kuanzia kolani mpaka viatuni. "Wewe unakaa pangapi?"

Injinia akalipita swali hilo kwa haraka, maana lilikuwa na miiba. "Biashara ya kisasa inakaa kila mtaa. Nakutengenezea ukurasa kwenye mtandao, ukurasa mmoja kwa mtaa mmoja. Mtu akiandika kwenye simu 'dawa ya kunguni' na jina la mtaa wake, anakuona wewe, na jina la mtaa wake limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Anasema, ah, kumbe huyu ni wa hapa hapa kwetu."

"Na mitaa iko mingapi?"

Hapo mtu mwaminifu angesema hajui. Mwongo wa kawaida angesema themanini. Injinia alikuwa msanii. "Mia tatu."

"Mji huu huu?"

"Mji unakua mama, tena unakua ukiwa umelala."

Mama Kunguni akatoa pesa alizokuwa amezidunduliza kwa ajili ya pampu mpya, maana ile ya mgongoni ilivuja na kumwogesha dawa kila siku. Akalipia kurasa mia tatu, zote kwa mkupuo.

Kazi yenyewe, tusimnyime haki yake, Injinia aliifanya siku hiyo hiyo, juu ya kochi, kwenye kompyuta kibogoyo iliyokosa vitufe vinne. Aliandika ukurasa mmoja tu: "Je, wewe ni mkazi wa mtaa huu? Kunguni wa mtaa huu wanatufahamu." Kisha akawa anaunakili na kubadilisha jina la mtaa. Unabandika, unabadilisha, unabandika, unabadilisha. Ilipofika saa sita mchana alikuwa ameumaliza mji. Ulikuwa na mitaa sitini na mmoja.

Ilibaki mia mbili thelathini na tisa.

Akainua macho, akatazama sebule ya dada yake. Kulikuwa na kabati. Akaandika Mtaa wa Kabatini. Kulikuwa na feni isiyozunguka. Ukazaliwa Mtaa wa Feni Kimya. Kochi likawa Kochi Kuu. Saa ya ukutani ikazaa mitaa miwili, Saa ya Juu na Saa ya Chini. Dirishani lilining'inia pazia jekundu ambalo dada alikosea kipimo, likaburuta sakafuni kama gauni la malkia. Injinia akalitazama, akaandika kwa fahari: Pazia Refu. Jina lilimpendeza kiasi kwamba aliuongezea ule ukurasa sentensi: "Mtaa tulivu, wenye hewa safi, wa watu wenye nafasi zao."

Uongo mmoja haulipi. Unalipa ukiuzwa mara tatu. Akamwendea fundi makufuli, akamuuzia kurasa zile zile mia tatu, neno "kunguni" akilibadilisha kuwa "kufuli". Hakuzisoma. Ndiyo maana mpaka leo ziko kurasa zinazoonya kwamba kufuli hujificha kwenye mishono ya godoro na kutoka usiku kunyonya damu. Kisha akamwendea mzee mwenye gari la kunyonya maji taka, naye akapata kurasa mia tatu zinazomwambia mteja asikubali choo kimpande kitandani. Cha ajabu, simu ziliita. Watu walitaka kumwona fundi wa makufuli yanayouma.

Wiki mbili baadaye Mama Kunguni alimkamata Injinia barabarani.

"Baba, hivi Pazia Refu ni wapi? Nimezunguka tangu asubuhi na pampu mgongoni, nijitambulishe kwa wenyeji. Wa kwanza kaniambia pita kwa kinyozi, kata kushoto. Nimekata. Wa pili kaniambia nimeshaupita. Wa tatu kaniuliza Pazia Refu ya juu au ya chini."

"Umekaribia sana, mama. Watu wa kule wanapenda faragha."

Mama Kunguni alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyolitazama godoro ambalo mwenyewe ameapa ni safi. "Sawa, baba," akasema, akaenda zake.

Injinia akajisemea, huyu kwisha. Kumbe ndiyo kwanza ameanza.

Miezi mitatu ilipokaribia kwisha, Injinia akiwa kwa kinyozi, bwana mmoja aliyenyolewa nusu kichwa alisema, bila kuulizwa, "Mimi mwisho wa mwezi nahamia Pazia Refu." Injinia nusura acheke povu liingie puani. Siku chache baadaye alikutana na fundi makufuli, akiwa amechoka, funguo zikimlia kiunoni.

"Umetoka wapi, fundi?"

"Pazia Refu. Milango sita leo. Nakushukuru, Injinia. Watu wa kule wanalipa bila kunung'unika."

Injinia hakucheka tena. Alirudi nyumbani, akachukua simu, akaandika jina la mtaa wake. Wakatokea watu arobaini. Kulikuwa na waleta maji Pazia Refu, wakodisha mahema Pazia Refu, mwalimu wa hesabu wa jioni Pazia Refu, na dobi aliyedai ana matawi mawili huko. Wajanja wengine walikuwa wamenakili orodha yake bila kuuliza. Injinia alilijua hilo, maana ndivyo yeye angefanya. Lakini kujua ni jambo moja, na kusoma majina arobaini ni jambo jingine. Akanyanyua macho, akalitazama pazia. Likamjia wazo baya: pengine jina hili nililisikia mahali. Pengine si mtaa ulioitwa kwa pazia. Ni pazia lililoitwa kwa mtaa.

"Dada," akauliza, "hili pazia ulilishona ukiwa wapi?"

"Hapo ulipolala. Umebakiza mwezi mmoja."

Kesho yake, barabarani, akajitokeza dalali. Mrefu, miwani myeusi, mkoba uliojaa karatasi mpaka haufungiki. Alikuwa na viwanja sehemu moja tu.

"Vimebaki vitatu," dalali alisema. "Jioni vitakuwa viwili. Lakini Pazia Refu haumfai kila mtu, bwana. Usijilazimishe."

Mjanja ukimwambia asijilazimishe, umemfunga kamba. Injinia alijiambia: mtaa huu ni mimi niliyeupandisha thamani, iweje nipitwe? Wakaenda.

Wakaingia kupitia mwanya wa ukuta. Mbele yao palikuwa na uwanja mpana, nyasi zimeota. Upande wa pili, majengo marefu yenye madirisha mengi yaliyofungwa.

"Nyumba za wenye nazo," dalali alieleza. "Wako safarini."

"Na hizi nguzo mbili zenye mtambaa panya juu?"

"Geti la kuingilia."

"Na zile kule mwisho?"

"Geti la kutokea."

"Hii mistari myeupe kwenye nyasi?"

"Barabara. Mkandarasi ameshachora, inasubiriwa lami."

Injinia alitembea mpaka katikati, akasimama ndani ya duara kubwa. "Na hili?"

"Mzunguko wa magari. Mitaa mingine magari yatagongana miaka kumi ndipo wakumbuke mzunguko. Hapa wameanza nao."

Sasa usimcheke. Mtu aliyekunja miguu kwenye kochi la dada yake miaka minne, akionyeshwa mahali pa kuinyoosha, macho yake hayaoni kitu kingine. Dalali akampeleka mbele ya geti la kuingilia, kwenye mstatili uliochorwa vizuri pande zote, na ndani yake nukta moja nyeupe.

"Kiwanja chako ndicho hiki. Hiyo nukta ni katikati ya chumba cha kulala. Fundi alipima mwenyewe."

Injinia akasimama juu ya nukta. Akavuta pumzi. Hewa kweli ilikuwa safi, aliwahi kuiandika. Akatoa bahasha tatu, zote alizopewa na Mama Kunguni, fundi makufuli na mzee wa maji taka, akazikabidhi bila kupunguza kitu. Akapewa hati yenye muhuri mkubwa wa bluu.

Jumatatu asubuhi alikodi mkokoteni, akapakia matofali thelathini na godoro. Dada alimsindikiza mpaka barabarani, akamfuta vumbi begani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akamwita kaka mwenye nyumba. Injinia alishuka barabara ile akiwa amevaa kofia yake ya njano.

Alipopenya ukutani alikuta mtaa wake umejaa. Likizo ilikuwa imekwisha. Wanafunzi mia sita walisimama kwa mistari kwenye barabara yake, wengine wakiwa wamekaa kwenye mzunguko, na mwalimu mkuu akiwahutubia kutoka geti la kutokea. Mwalimu akaja taratibu, akamkagua mtu, kofia na godoro.

"Bwana, unamtafuta nani?"

"Natafuta kwangu."

"Kwako ni wapi?"

Injinia alionyesha kwa kidole. Kwenye chumba chake cha kulala golikipa wa shule alikuwa akinyoosha viungo. Mwalimu mkuu akaichukua hati, akaisoma mara mbili, akaukwaruza muhuri kwa ukucha.

"Hapa ni goli la upande wa ofisi," akasema kwa upole.

"Na mzunguko?" Injinia aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

"Mzunguko gani?"

Injinia aliyaacha matofali pale pale, akatimua mbio mpaka nyuma ya soko, kofia ikimdunda kichwani, akaingia uani kwa Mama Kunguni bila hodi.

Walikuwa wote pale wakinywa chai. Fundi makufuli. Mzee wa maji taka. Yule bwana wa kwa kinyozi, sasa amenyolewa kichwa kizima. Na dalali, amevua miwani. Bila miwani alikuwa na macho ya Mama Kunguni, yale yale, kwani walizaliwa tumbo moja. Ukutani ilining'inia pampu mpya, haijatoa hata tone.

"Nirudishieni pesa zangu," Injinia alisema akihema. "Mmeniuzia kiwanja cha mpira. Mtaa wenyewe haupo."

"Mtaa gani haupo?" Mama Kunguni aliuliza.

"Pazia Refu."

Fundi makufuli akaweka kikombe chini polepole. "Rudia hapo, Injinia. Mimi nimelipia ukurasa wa huko."

"Na mimi," alisema mzee wa maji taka.

Injinia akamgeukia dalali. "Wewe uliniambia lile ni geti la kuingilia."

"Nilisema la kuingilia," dalali alijibu. "Sikusema kinachoingia ni nini."

"Kaa kwanza, baba," Mama Kunguni alisema. "Mambo haya ni mepesi. Sema mbele ya hawa, Pazia Refu upo au haupo? Ukisema haupo, tutachukua orodha yako, twende mtaa mmoja baada ya mwingine, yote mia tatu, wewe mbele kutuonyesha njia, na askari nyuma akiandika. Ukisema upo, basi kiwanja unacho, hati unayo, na sisi tumeshalipana. Lipi?"

"Hiyo si haki, mama. Mimi sina pa kulala."

"Upo au haupo?"

Injinia akamtazama fundi makufuli, aliyekuwa akipangusa koleo lake kwa kitambaa ingawa halikuwa chafu. Akaitazama mikono ya mzee wa maji taka. Akahesabu moyoni kuanzia Kabatini, akapita Feni Kimya, akafika Saa ya Chini, akakata tamaa.

"Upo," akasema, kwa sauti inayoenea kwenye kibiriti.

"Basi wahi kwako, baba," Mama Kunguni alisema, akimimina chai. "Kengele ya mapumziko ikilia kabla hujafika, watakupigia penalti chumbani."